Mgongo wa Kalunguyeye

Mgeni aliingia Televisheni ya Taifa siku ambayo walinzi wote walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi ya kupiga makofi. Huo ndio mwanzo wa mambo yote, na ndiyo sababu tangu hapo nchi ile imeajiri walinzi wengine wa kulinda lango wakati walinzi wanapopiga makofi.

Nchi yenyewe hatutaitaja. Wenyewe wanalipenda sana jina lake na hawataki litumiwe bila kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambazo mwenye ufunguo hayupo. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani. Mtu akiuliza amani hiyo iko wapi, huchukuliwa akaonyeshwe, na hajapata kutokea hata mmoja aliyerudi akalalamika.

Mgeni alikuwa mzee mrefu, mwekundu usoni, amevaa koti la mvua katika mwezi usio na wingu, akikokota sanduku la bati. Alipita langoni, akapita mapokezi, akapanda ngazi akihema, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Sikitu Mwendambio, ambaye alikuwa amechelewa mazoezini.

Sikitu alikuwa Msaidizi wa Makofi Daraja la Tatu. Kazi yake ilikuwa kukaa studio na kupiga makofi kila kiongozi aliyekuwa akihojiwa aliponyamaza kumeza mate. Alikuwa na shahada ya lugha. Miaka miwili alisoma katika nchi ya theluji, kwa nafasi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya mpwa wa Waziri wa Habari na Furaha. Mpwa huyo alifika hadi uwanja wa ndege, akasikia habari za baridi, akarudi nyumbani akawa Mkurugenzi wa Televisheni. Jina lake Ngobito. Kwa hiyo Sikitu na mkurugenzi wake walikuwa kama ndugu: mmoja alisoma, mwingine akaajiriwa kwa masomo yale.

Mgeni alisalimia kwa lugha ya nchi ya theluji, Sikitu akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, na mzee yule akaketi juu ya sanduku lake kwa furaha kama aliyefika kwake. Alisema anaitwa Orvik, ni mchoraji, na amewachorea watoto wa kwao katuni ya mnyama mdogo mwenye miiba. Sasa yu mzee. Alitaka watoto wa mbali nao waione kabla hajafa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kanda zote, mwanzo hadi mwisho.

Bwana Ngobito alitoka ukumbini viganja vimemwiva. Alipomwona mgeni alidhani ni mwekezaji, akaagiza soda. Alipoelezwa kwamba mzee ameleta zawadi na hataki chochote, aliirudisha ile soda.

"Bure kabisa?" alimuuliza Sikitu. "Muulize tena. Labda hujui hilo neno kwa lugha yao."

Sikitu aliuliza tena. Ilikuwa bure. Jambo hilo lilimtia Mkurugenzi shaka kubwa, maana katika nchi ile kitu cha bure hutolewa na adui au na mama mzazi. Hata hivyo alipokea sanduku kwa niaba ya taifa, akatoa hotuba ya shukrani, na alipomaliza akamkabidhi mzee kwa Idara ya Uhamiaji kwa kosa la kuingia bila miadi. Jioni ile ile Orvik alipandishwa ndege akiwa na cheti cha shukrani kifuani. Sanduku lilibaki.

*

Katika nchi ile hakuna kitu cha kigeni kinachoruhusiwa kusema kwenye televisheni kabla hakijapewa uraia. Kwa hiyo Kamati ya Uraia ilikuja studio kumhoji mnyama. Walikuja na wino wa kuchukua alama za vidole, wakaupaka kwenye kioo cha televisheni, na ile televisheni haikuonyesha vizuri tena upande wa kushoto. Waliuliza ni wa wilaya gani. Waliuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Waliuliza kama amewahi kujihusisha na chama kingine chochote, hasa katika nyakati ambazo vyama vingine havikuwapo. Sikitu alimjibia yote, akala hata kiapo kwa niaba yake.

Kuhusu jina, Sikitu alipendekeza aitwe Kalunguyeye, kwa kuwa ndiye mnyama huyo hasa. Mjumbe mmoja alisema ni fedheha kwa taifa kubwa kuwakilishwa na kijinyama kinachojikunja kikiogopa, akaomba aitwe Simba. Sikitu alieleza kwa upole kwamba watoto watamwona. Walibishana hadi chai ikaisha, wakakubaliana aitwe Kalunguyeye kwa sharti kwamba moyoni ni simba.

Ikabaki theluji. Katika katuni ya mzee Orvik theluji ilikuwa kila mahali, juu ya miti, juu ya mapaa, hadi kwenye kope za wanyama. Nchi ile haina theluji, na raia hawezi kukaa katika hali ya hewa isiyotambuliwa na serikali. Wizara ya Kilimo ndiyo iliyoleta ufumbuzi. Ilitangaza kwamba ule ni unga. Mavuno yamekuwa mengi, ilisema taarifa, kiasi kwamba unga unaanguka kutoka juu na wanyama wa porini wanaukanyaga.

Tangazo hilo lilitoka katika mwezi ambao madukani hapakuwa na unga kabisa. Watoto wengi waliwauliza mama zao kule kwa Kalunguyeye ni mbali kiasi gani, na kama mtu anaweza kwenda na ndoo.

*

Sauti ya Kalunguyeye ilishindaniwa. Mke wa Waziri alishinda, kisha akagundua kwamba kazi yenyewe inaanza asubuhi, akajiuzulu kwa heshima. Ikabaki kwa Sikitu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeelewa mnyama anasema nini.

Fundi wa kuunganisha picha na sauti aliitwa Chaburuma, mtu mnene, mpole, aliyependa kufanya kazi huku amevua viatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Sikitu siri ya kazi ile. Maneno lazima yaingie mdomoni. Mdomo wa picha ukifunguka mara tatu, nawe sema maneno ya kufunguka mara tatu, ukifumba, fumba. Tafsiri nzuri isiyoingia mdomoni, alisema, ni sawa na kiatu kizuri cha mguu wa mwenzio.

Sikitu aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Alikaa na sentensi moja asubuhi nzima, akiigeuzageuza kinywani hadi ikae. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Baba yake Kalunguyeye anatoka asubuhi moja kwenda kutafuta chakula na harudi. Kalunguyeye anangoja, anangoja, halafu anajifunga skafu na kwenda kumtafuta. Kila sehemu anakutana na mnyama mwingine, anamuuliza, "Umemwona baba yangu?" na yule mnyama anajibu kwa namna yake. Basi. Hapakuwa na mapigano wala uchawi. Lakini sauti ya Sikitu ilipouliza swali lile, watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya.

Ikifika saa kumi na moja jioni mitaa ilikuwa mitupu. Watoto walimjua Kalunguyeye kuliko walivyowajua mawaziri, jambo ambalo mawaziri walilisikia.

Waziri wa Habari na Furaha, Profesa Mpalamba, alikwenda studio mwenyewe. Alimsifu Kalunguyeye kwa juhudi zake, kisha akasema amesikitika kuona kijana huyu anatembea sehemu nzima bila kumshukuru Mlezi Mkuu wa Taifa hata mara moja. Akatoa mfukoni sentensi aliyoitunga. Kalunguyeye alitakiwa aseme: "Nikiwa katika safari hii natambua na kuthamini uongozi shupavu, mahiri na wenye maono wa Mheshimiwa Mlezi Mkuu, Baba wa Mvua na Mshenga wa Maendeleo."

Chaburuma alirudisha kanda, akaangalia, akakuna kisigino. Alisema kwa heshima zote kwamba mahali hapo mdomo wa mnyama unafunguka mara nne tu. Anasema, "Nina njaa."

Waziri alijibu kwamba mdomo ni wa serikali, na ukipewa amri utafunguka.

Haukufunguka. Walijaribu kuisoma sentensi haraka, Sikitu akaishiwa pumzi kwenye "mahiri". Mwishowe Chaburuma akapata maarifa. Katika sehemu ya pili palikuwa na kipande ambacho Kalunguyeye amesimama ameipa kamera mgongo, anatazama milima, miiba ikitikisika kwa upepo. Alikikata kipande hicho, akakirudiarudia, akakibandika hapo. Mgongoni hakuna mdomo. Mtu anaweza kusemewa lolote.

Waziri alifurahi sana. Wizara nyingine ziliposikia, kila moja ilileta sentensi yake. Wizara ya Maji ilitaka Kalunguyeye azungumzie mabomba. Wizara ya Fedha ilitaka ahimize kodi. Ofisi ya Utulivu, ambayo ni ofisi isiyopiga kelele, ilitaka aseme kwamba katika nchi hii hakuna mtu aliyepotea, kuna watu ambao hawajulikani walipo. Yote yalisemwa kwa mgongo. Ikafika mahali Kalunguyeye anageuka kutazama milima kabla hajamaliza hata kupiga chafya.

*

Sikitu alipanga chumba katika nyumba za ghorofa za wafanyakazi. Jengo lao lilikuwa na mjumbe wake, Mzee Kipanta, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anapika nini na kwa nini. Jirani wa Sikitu wa ubavuni alikuwa Mama Chausiku, na huyo Chausiku mwenyewe, mtoto wa miaka saba mwenye pengo mbele, alikuja kila jioni kutazama katuni chumbani kwa mwenye sauti.

Baba yake Chausiku alikuwa dereva wa lori wa ghala la taifa. Aliitwa Lilungulu. Siku moja dukani, watu walipokuwa wakigombea unga usiokuwapo, alisema kwamba ghala analolifahamu yeye lina panya na mwangwi tu. Siku ya pili yake alichukuliwa kwenda semina.

Hapa inafaa tueleze. Katika nchi ile hakuna wafungwa wa namna hiyo. Kuna semina. Mtu huja kuitwa nyumbani kwa adabu, huambiwa avae viatu, na hupelekwa kuelimishwa. Familia huambiwa iwe na subira kwa kuwa elimu haina mwisho. Lilungulu alikuwa semina tangu mvua za vuli, na sasa ilikuwa masika.

Chausiku ndiye aliyemfumbua Sikitu macho kuhusu ule mgongo. Walikuwa wanatazama, Kalunguyeye akageuka na kuanza kusifia mabomba, na Chausiku akainuka kwenda kunywa maji.

"Hutazami?" Sikitu aliuliza.

"Sasa hivi si yeye, dada. Akigeuka mgongo anasemewa na wakubwa. Akirudisha uso ndiye mwenyewe." Kisha akaongeza, kwa kumwonea huruma mtu mzima asiyejua jambo lililo wazi, "Watoto wote tunajua."

Chausiku alikunywa maji, akarudi, akaketi karibu zaidi kuliko kawaida.

"Dada. Atampata baba yake?"

"Mbona unataka kujua mapema? Utamu utaisha."

"Siutaki utamu. Nataka kujua."

Sikitu alikuwa ameshazitazama kanda zote, alijua. Alimwambia mtoto kwamba asubiri sehemu ya mwisho, na siku hiyo, lolote litakalotokea, atamwambia mwisho wenyewe kama ulivyo.

"Hata kama ni mbaya?"

"Hata kama ni mbaya."

"Hata wakubwa wakikataa?"

Sikitu alicheka, akasema hata wakikataa. Alikuwa kijana. Aliamini kwamba wakubwa hukataa mambo makubwa tu, na kwamba mwisho wa kijinyama cha miiba hauwezi kumshughulisha mtu mwenye gari lenye bendera.

*

Mambo yalikwenda yakienea kama moto wa mabua. Watoto waliuingiza mgongo katika michezo yao: anayetaka kusema uongo ageuke kwanza, ndiyo haki. Kisha ukaingia madarasani. Mwalimu mmoja aliyetakiwa kutangaza kwamba uji utapatikana kesho alijikuta ametangaza huku anautazama ubao. Ukaingia madukani. Mteja alipouliza unga, mwenye duka aligeukia rafu tupu, akasema, "Upo mwingi," na mteja akamshukuru kwa uungwana akaondoka. Hakuna aliyevunja sheria. Watu walisema yote waliyotakiwa kusema, ila kwa mgongo.

Viongozi hawakujua, kwa sababu viongozi wa nchi ile wamezoea kuzungukwa na watu wanaowafuata, na huona migongo ya walinzi wao tu.

Ikaja Siku ya Watoto. Uwanja wa taifa ulijaa, watoto wa shule zote, sare zimenyooshwa, jua linachoma. Mlezi Mkuu mwenyewe alikuwepo, chini ya mwavuli wenye pindo za dhahabu. Profesa Mpalamba, akitaka kumwonyesha jinsi wizara yake ilivyomfikia kila mtoto, alisimama kwenye kipaza sauti na kusema kwamba leo kiapo cha utii hakitasomwa kwa namna ya kizamani. Leo watoto watakisema kama anavyosema shujaa wao Kalunguyeye.

Watoto walikuwa watiifu. Waligeuka wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, wakalipa jukwaa migongo, wakatazama milima, wakakisoma kiapo chote kwa sauti safi bila kukosea neno.

Walipomaliza, uwanja ulikuwa kimya hata bendera zikasikika. Mlezi Mkuu aliinama kwa Waziri, akauliza polepole, "Wanamwangalia nani?"

Profesa hakuwa profesa bure. Alijibu kwamba wameelekea nje ili kumlinda Mlezi Mkuu dhidi ya maadui wanaoweza kutokea nyuma yao. Jibu hilo lilikubaliwa kwa siku ile. Bendi ikapiga. Lakini wakati wa kuondoka Mlezi Mkuu alitazama nje ya dirisha la gari na kuona muuza karanga amesimama ukingoni mwa barabara, anashangilia kwa nguvu zote, uso wake ukiwa ukutani.

Sheria ya Kuelekeza Nyuso ilipitishwa wiki ile ile. Kuanzia hapo kila raia anapomsifu mkubwa sharti amwelekee, na midomo ionekane ikitembea. Wenye maumivu ya shingo walitakiwa kuleta vyeti vya daktari. Walimu waliowaachia watoto wageuke walipunguzwa madaraja, watoto wenyewe walichapwa, na kwa kuwa walichapwa mgongoni, wengi waliona kwamba serikali sasa imeelewa. Profesa Mpalamba alipandishwa cheo, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuligundua tatizo.

Akabaki wa kulaumiwa. Asubuhi moja Sikitu alikuta viti viwili vya studio, kimoja hakina mtu. Viatu vya Chaburuma havikuwepo chini ya meza. Mkurugenzi Ngobito alimweleza kwamba fundi amepata bahati ya kwenda semina, na kwamba wivu si jambo jema.

*

Ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho. Kamati ilikutana kuutazama mwisho wa mzee Orvik, Sikitu akitafsiri, na hata kabla taa hazijawashwa ilikuwa wazi kwamba hautafaa. Kamati ilikuwa imeandaa mwingine. Katika mwisho wa Kamati, Kalunguyeye anapata habari kwamba baba yake yupo semina. Ni mzima, amenenepa, anajifunza mengi, anamsalimu mwanawe na kumwomba aache kuzunguka na kuuliza wanyama maswali, arudi shule.

Tatizo likawa picha. Mgongo umepigwa marufuku, na mdomo haukubali. Mkurugenzi ndiye aliyelitatua: sehemu nzima itaonyeshwa picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, imetulia, na sauti ya Kalunguyeye itasikika nyuma yake. Kamati ilipiga makofi. Sikitu, kwa mazoea ya kazi, naye alipiga.

Kisha akainua mkono. Aliomba kwamba angalau wawaambie watoto baba atarudi lini. Kuna watoto, alisema, ambao watauliza. Kuna mmoja jirani yake, baba yake dereva Lilungulu alikwenda semina wakati wa vuli, na sasa ni masika.

Afisa wa Ofisi ya Utulivu alikuwa mtu mwenye sauti laini na kucha safi. Alimtazama Sikitu kama mjomba anavyomtazama mpwa aliyeuliza swali la kitoto.

"Wale wa vuli?" alisema. "Hao walishahitimu, binti. Mungu awalaze pema."

Akageuza ukurasa. Wakaendelea na ajenda ya vitafunwa.

Sikitu aliutia mwisho wa Kamati sauti yake. Tungependa kusema kwamba alikataa, lakini hakukataa. Alijiambia kwamba akikataa atasoma mke wa Waziri, na watoto wataumia mara mbili. Alisoma vizuri. Sauti yake ilitetemeka pale penye "amenenepa", na Kamati ikaona ni furaha. Baada ya hapo walimsomea agizo jipya: sauti ya Kalunguyeye sasa ni mali ya umma, na mwisho wa zamani ni siri ya nchi. Atakayeutamka, kwa sauti hiyo au nyingine, atakuwa amejiombea nafasi ya masomo.

*

Sehemu ya mwisho ilirushwa Jumamosi. Nchi nzima ilikaa ikaitazama picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu. Siku ya pili yake, Jumapili mchana, Chausiku alibisha hodi. Hakuonekana kama aliyelia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

"Shikamoo dada. Jana haikuwa mwisho."

"Marahaba. Kwa nini unasema haikuwa?"

"Haukuonekana mdomo," alisema. "Uliniahidi."

Sikitu alimshika mkono wakaenda kwa mama yake. Mama Chausiku alikuwa anapiga pasi shati la mume wake. Alilipiga pasi kila Jumapili, akalitundika, na Jumapili iliyofuata akalinyunyizia maji upya akaanza tena. Sikitu alimtuma Chausiku akacheze barazani, akafunga mlango, na kwa sauti ya chini akamweleza yote, hadi lile neno la afisa mwenye kucha safi.

Mama Chausiku hakuacha kupiga pasi. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akakunja shati kwa mara ya kwanza tangu vuli, akaliweka kifuani.

"Nilijua," alisema. "Mwili ulinambia. Lakini mdomo wangu kila nikiufungua mbele ya huyu mtoto, unasema kesho." Akaketi. "Mwambie mwisho wa mnyama, mwanangu. Mengine atayafikia mwenyewe, ana akili. Ila unajua dari hii ni ya mbao, na juu yetu anakaa Kipanta."

"Najua, mama."

"Na ukisema kwa sauti yako ya kawaida?"

Sikitu alifikiri. Alisema mtoto hakuahidiwa habari, aliahidiwa mwisho. Na mwisho ni wa Kalunguyeye kuusema.

Wakamwita Chausiku. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameikunja. Sikitu alikaa mbele yake, magoti yakigusana, akasafisha koo, na sauti ile ya mali ya umma ikatoka katika chumba cha watu.

Kwanza alimwambia kwamba ule si unga, ni theluji. Ni maji yaliyoganda, yanaanguka kutoka mbinguni na ni baridi, na hakuna anayeshiba nayo. Chausiku aliitikia kwa kichwa, hilo alikwishalishuku. Kisha akamwambia jinsi Kalunguyeye alivyofika kwenye mto mkubwa ulioganda juu kama kioo, na ukingoni akamkuta fuko mzee anachimba. Akamuuliza, umemwona baba yangu?

Juu, kiti kilivutwa. Hatua zikavuka dari.

Fuko akasema, nimemwona. Alikuwa anavuka na mfuko wa chakula. Barafu ilikuwa nyembamba, na mfuko ulikuwa mzito, lakini hakutaka kuuacha, kwa sababu ulikuwa wako.

Hatua zilishuka ngazi, zikasimama nje ya mlango. "Hodi," ilisema sauti ya Mzee Kipanta.

Hakuna aliyemjibu. Chausiku alikuwa ameukaza uso. "Endelea," alinong'ona.

Kalunguyeye akalia, Sikitu alisema, na sauti yenyewe sasa ilikuwa inalia. Fuko hakumwambia nyamaza. Alikaa naye. Akalia hadi theluji mbele yake ikayeyuka, ikabaki ardhi nyeusi. Halafu akafuta pua kwa skafu, akasema, sasa najua. Nilikuwa natembea kwa sababu sikujua. Sasa naweza kurudi nyumbani. Na akaanza kurudi, kwa njia ile ile, na kila mnyama aliyekuwa amemuuliza alitoka mlangoni kwake akamsindikiza kidogo.

Chausiku alilala mapajani mwa mama yake bila kutoa sauti, mabega yakitikisika. Alilia kilio cha tangu vuli. Mama yake hakumwambia nyamaza.

Mlango haukuwa na komeo. Mzee Kipanta alikuwa ameshaufungua, amesimama kizingitini, kofia mkononi, na ilionekana alikuwa amesimama hapo kwa muda. Alikohoa.

"Ndiyo mwisho huo?" aliuliza.

"Ndiyo mwisho, mzee," alisema Sikitu, kwa sauti yake mwenyewe.

Mzee alitikisa kichwa polepole. Alikuwa na mtoto wake mmoja wa kiume aliyewahi kuwa na maneno mengi. Jengo zima lilijua, na hakuna aliyetaja. Alitazama shati lililokunjwa, akatazama sakafu. Kisha akavaa kofia, na kofia ikamkumbusha kazi.

"Haya binti," alisema kwa adabu. "Vaa viatu."

Chausiku ndiye aliyeinuka. Alikwenda chumbani kwa Sikitu, akarudi na viatu vyake, akapiga magoti akamvalisha kimoja kimoja, akamfunga kamba kwa fundo la kitoto lililolegea. Kamasi zilikuwa zinamtoka.

"Dada," alisema, "asante kwa kunimalizia."